Nukta Nyeusi za Chicago

Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha kitabu chenye ramani ambazo mtu asiyejua angedhani ni za maradhi. Mitaa ya jiji ilichorwa kwa mistari myembamba, na juu yake zikamwagwa nukta nyeusi, maelfu kwa maelfu. Kila nukta ilikuwa mlango wa nyumba: mahali alipolala kijana aliyefikishwa mahakama ya watoto au aliyeandikwa katika daftari la polisi. Ukiitazama ramani kwa mbali, nukta zimesongamana katikati ya jiji, kando ya mto na nyuma ya mazizi ya mifugo, kama sisimizi waliokuta tone la asali. Ukielekea nje, kwenye miti na nyumba zenye nafasi, zinapungua mpaka unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Swali lililolala chini ya nukta hizo ni kongwe kuliko Chicago yenyewe. Kwa nini mtu huiba, hupora, huua? Wahenga wetu walikuwa na jibu la haraka, mtoto wa nyoka ni nyoka, na Ulaya ya karne ya 19 ililivalisha jibu hilohilo joho la sayansi. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba wahalifu wengi huzaliwa hivyo: ni masalia ya binadamu wa kale yaliyojitokeza katika zama zisizo zao, na alama zao zinasomeka kwenye taya, masikio na urefu wa mikono. Alikuwa amepima mafuvu. Baada yake wengine wengi wakapima vichwa vya wafungwa, na nadharia hiyo iliwafaa sana watawala, maana kama uhalifu umo ndani ya fuvu, hakuna anayelazimika kuulizwa juu ya mishahara, nyumba wala shule.

Walikuwepo waliotazama kwingine hata kabla yake. Mfaransa André-Michel Guerry alichapisha mwaka 1833 ramani za makosa ya jinai katika mikoa ya Ufaransa, na Mbelgiji Adolphe Quetelet alishangazwa na jinsi idadi ya makosa inavyojirudia mwaka hadi mwaka kwa kukaribiana, kana kwamba jamii imeyatengea bajeti. Mwaka 1895 Émile Durkheim akathubutu kuandika kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu, kwa hiyo uhalifu ni sehemu ya kawaida ya maisha ya jamii. Lakini hao walifanya kazi na hesabu za nchi nzima, wakiwa mezani. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia uchochoroni akajua mtoto yupi anaishi nyumba ipi.

Chicago ikajitokeza. Mwaka 1833 ilikuwa kijiji cha watu wapatao 350 kando ya Ziwa Michigan. Mwaka 1871 moto uliiteketeza: watu kama 300 walikufa, na wengine wapatao 100,000 wakalala nje. Ikajengwa upya kwa pupa. Kufikia 1890 ilipita watu milioni 1, na mwaka 1930 ilikuwa na zaidi ya milioni 3.3. Mtu aliyeiona ikiwa kijiji utotoni aliweza kuzeekea humohumo ndani ya mojawapo ya majiji makubwa duniani. Kwanza walikuja Wajerumani, Wairishi na Waskandinavia. Kisha Wapoland, Waitalia, Wacheki, Walithuania na Wayahudi wa Urusi. Kisha Wamarekani Weusi waliokimbia mashamba ya pamba na kamba za wanyongaji huko Kusini.

Kazi ilikuwa ya nguvu na ya harufu. Union Stock Yards, mazizi na machinjio makubwa yaliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1865, yalipokea ng'ombe na nguruwe kwa treni na kutoa nyama iliyolisha sehemu kubwa ya Marekani. Mtaa wa wafanyakazi uliokuwa nyuma yake uliitwa kwa jina lisilo na urembo wowote, Back of the Yards, yaani nyuma ya mazizi. Nyumba zilikuwa za mbao, familia zilibanana na wapangaji waliopokezana vitanda kwa zamu, na uvundo haukujua sikukuu.

Vitabu vingi vya sosholojia huanzia kwa wanaume wa chuo kikuu. Si haki. Waliotangulia kugonga milango walikuwa wanawake wa Hull House, nyumba ya huduma iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katika barabara ya Halsted. Wakiongozwa na Florence Kelley katika kazi hiyo, walikwenda nyumba hadi nyumba wakiuliza nani anaishi hapa, anatoka nchi gani, analipwa kiasi gani kwa wiki, na mwaka 1895 wakachapisha ramani zilizopakwa rangi kwa utaifa na kwa mshahara. Wanawake wa mduara huohuo walipigania pia mahakama maalumu ya watoto. Kabla ya hapo mtoto aliyeiba makaa ya mawe relini aliweza kuwekwa selo moja na wauaji. Mahakama hiyo, ya kwanza ya aina yake, ilianza kazi Chicago mwezi Julai 1899. Ilikusudiwa kuwalinda watoto; pamoja na hilo ikazaa kitu ambacho hakuna aliyekipanga, rundo la majalada, na katika kila jalada kulikuwa na jina, umri, kosa na makazi.

Majalada hayo ndiyo yaliyokuja kugeuzwa nukta.

Aliyewafundisha wanafunzi kutoka nje na kutazama alikuwa Robert Park, na Park hakuwa mtoto wa darasani. Alizaliwa mwaka 1864, akawa mwandishi wa habari kwa miaka kama kumi na moja katika miji kadhaa, ikiwemo Detroit, New York na Chicago. Akaenda kusoma Ujerumani. Aliporudi akawa katibu wa jumuiya ya Marekani iliyopigania mageuzi ya Kongo, akiandika makala kali dhidi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na ukatili uliotendwa kwa watu waliolazimishwa kugema mpira. Kutoka hapo alifanya kazi miaka kadhaa Tuskegee, Alabama, pamoja na Booker T. Washington. Alipoingia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1914 alikuwa amefikia miaka 50. Kwa hiyo kabla hajawatuma vijana wake kuwachunguza vibaka wa mitaani, alikwisha kuandika juu ya uporaji wa nchi nzima uliosimamiwa na mfalme mwenye makarani na daftari za hesabu. Jambo hilo halitajwi vya kutosha.

Mwenzake Ernest Burgess ndiye aliyechora duara. Mwaka 1925 alieleza kwamba jiji hukua kutoka kitovuni kwenda nje kwa kanda tano. Katikati kuna biashara. Kinachofuata ni ukanda wa mpito, ambako wenye nyumba hawakarabati kitu kwa sababu wanangoja viwanda na maduka yapanuke wauze ardhi. Humo hodi za kwanza hupigwa na mgeni maskini, kwa kuwa kodi ni ndogo. Kisha makazi ya wafanyakazi wenye ajira ya kudumu, kisha ya watu wa kipato cha kati, na mwisho vitongoji vya wanaosafiri kila siku kwenda kazini. Mhamiaji hushukia ukanda wa pili na, mambo yakimnyookea, watoto wake husogea nje hatua kwa hatua. Wanafunzi wa kundi hilo wakasambaa jijini. Frederic Thrasher alihesabu magenge 1,313 na kuandika mwaka 1927 kwamba mengi yalianza kama vikundi vya watoto wa jirani wanaocheza pamoja, katika maeneo yaliyobaki kama nyufa kati ya reli, viwanda na mitaa yenye utulivu.

Hapo ndipo wanaingia watu wawili waliolea zile nukta nyeusi. Clifford Shaw alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Indiana. Henry McKay mwaka 1899 huko South Dakota. Wote wawili watoto wa wakulima, na wote wawili hawakumaliza shahada ya uzamivu. Shaw alikuwa msemaji, mtu wa watu, aliyewahi kufanya kazi ya kuwasimamia vijana waliotoka magereza ya watoto. McKay alikuwa mtu wa takwimu, mkimya. Kuna kisa cha utoto wa Shaw kinachosimuliwa: aliiba bolti kwa mhunzi wa kijijini, mhunzi akamshika miguu na kumning'iniza kichwa chini mpaka bolti zikadondoka mfukoni. Kisha akamuuliza alizitaka za nini. Mtoto akajibu kwamba kigari chake kimeharibika, na mhunzi akamsaidia kukitengeneza. Hapakuwa na polisi, jalada wala nukta. Kijana yuleyule angefanya vilevile nyuma ya mazizi ya Chicago, angeishia mbele ya hakimu.

Kazi yao katika taasisi ya utafiti wa vijana ya jimbo la Illinois ilikuwa ya subira isiyo ya kawaida. Walichukua wavulana 8,056 waliofikishwa mahakamani kati ya 1900 na 1906, wakachukua 8,141 wa miaka ya 1917 hadi 1923, na 8,411 wa 1927 hadi 1933, wakatafuta makazi ya kila mmoja na kuyalinganisha na idadi ya wavulana wa umri huo katika eneo hilo. Katika kundi la mwisho, ukanda wa ndani kabisa ulitoa wastani wa wavulana 9.8 waliofikishwa mahakamani kwa kila 100. Wa nje kabisa ulitoa 1.8. Ramani za vifo vya watoto wachanga na za kifua kikuu zilipowekwa kando ya hizo, sura ilikuwa ileile. Aliyeziona nukta akafikiri ni maradhi hakuwa amekosea sana.

Hilo peke yake lingeweza kuelezwa kwa namna ya Lombroso: watu wabovu hurundikana mahali pabovu. Kilichovunja hoja hiyo ni muda. Mwishoni mwa karne ya 19 mitaa ya ndani ilikaliwa na Wajerumani, Wairishi, Waingereza na Waskandinavia. Kufikia 1930 wengi wao walikuwa wamehama, na nafasi zao zimeshikwa na Wapoland, Waitalia, watu wengine wa Ulaya ya Mashariki na Wamarekani Weusi. Damu ilikuwa imebadilishwa karibu yote. Mitaa iliyokuwa na nukta nyingi mwaka 1900 bado ilikuwa nazo. Na wajukuu wa Wairishi, wale ambao magazeti ya zamani yaliwaita wezi wa kuzaliwa, sasa wakiishi ukanda wa nne, walikuwa watulivu kama majirani zao.

Hakuna fuvu linaloweza kueleza hilo.

Walichohitimisha, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1942, ni kwamba mtaa ambao watu huhama kabla hawajajuana hupoteza nguvu ya kuwaangalia watoto wake. Umaskini hauingii mfukoni mwa mtoto na kumwambia iba. Unaifanya kila familia isubiri kuondoka, na anayesubiri kuondoka hana haja ya kujua mtoto wa jirani anarudi saa ngapi. Mzee aliyekemewa kijijini na kila mtu utotoni mwake hapa hamkemei mtu, kwa sababu haijui lugha ya yule anayepaswa kukemewa. Katika pengo hilo mila nyingine hukua: wakubwa huwafundisha wadogo kufungua behewa la mizigo, wadogo hukua na kuwafundisha wengine. Mtaa hurithisha ufundi huo hata wakazi wake wakibadilika.

Shaw hakutaka nambari pekee. Aliwaomba vijana waandike maisha yao wenyewe, na mwaka 1930 akatoa kitabu cha kijana wa Kipoland kutoka Back of the Yards aliyepewa jina la kubuni, Stanley. Mama yake alikufa angali mdogo sana. Mama wa kambo alimtuma pamoja na wengine kuiba chakula kwenye mabehewa ya treni. Akiwa na miaka kama sita alikwisha kuokotwa na polisi akiwa ametoroka nyumbani, na kutoka hapo maisha yake yakawa ya kuingia na kutoka: mahabusu ya watoto, shule ya adabu, gereza. Kazi yake ya mtaani, ambayo jina lake la Kiingereza likawa jina la kitabu, ilikuwa kuwavizia walevi na kuwapora. Kiswahili hakihitaji kukopa neno hapa; tunaye kibaka. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa Stanley mama wa kambo na ulimwengu walifundisha somo moja. Shaw alikutana naye akiwa na miaka kama 16. Baadaye alimtafutia makazi kwa familia nyingine, mbali na mtaa wake, na kazi ya uuzaji.

Nadharia hiyo ilikuwa na ufa, na ufa wenyewe ulionekana wazi mapema. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alielea ziwani na kuvuka mstari usioandikwa uliotenganisha maji ya Weusi na maji ya Weupe. Alirushiwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Weupe 15, na kuwaacha watu wapatao 1,000 bila makao. Vijana wa magenge ya Kiirishi, mengine yakijiita klabu za michezo na kulindwa na wanasiasa, walikuwa mstari wa mbele. Tume iliyoundwa ilitoa ripoti nzito mwaka 1922, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na mwanafunzi Mweusi wa Park, Charles S. Johnson. Ndani yake kulikuwa na onyo ambalo wachora ramani wangepaswa kulibandika ukutani: takwimu za uhalifu wa Weusi haziaminiki, kwa sababu polisi huwakamata Weusi kwa wepesi zaidi.

Nukta ya daftari la polisi huonyesha alikoishi kijana, na pia huonyesha polisi alipenda kwenda wapi.

Ufa wa pili ulikuwa mpana zaidi. Mfano wa Burgess ulidhani kila mgeni atasogea nje kadiri anavyopanda. Weusi wa Chicago walikuwa 44,000 hivi mwaka 1910 na karibu 234,000 mwaka 1930, wengi wao wakisukumwa ndani ya ukanda mwembamba wa upande wa kusini. Kilichowafungia humo kilikuwa karatasi. Wamiliki wa nyumba walisaini mikataba ya kutouza wala kupangisha kwa Mtu Mweusi, chama cha mawakala wa nyumba kikahimiza, mahakama zikatekeleza, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba zisitumike tena kuitekeleza mikataba hiyo. Shaw na McKay walionyesha kwa haki kabisa kwamba viwango vya wavulana Weusi navyo vilitofautiana sana mtaa hadi mtaa, kama vya wengine wote. Lakini maandishi yao yalizungumzia mtaa kama kitu kinachoota chenyewe, mfano wa msitu. Mitaa ile ilitengenezwa mezani na watu wenye majina na mihuri. W. E. B. Du Bois, aliyetembea nyumba hadi nyumba huko Philadelphia na kuchapisha utafiti wake mwaka 1899, alikwisha kulisema hilo miaka thelathini kabla yao, na chuo kikuu cha huko hakikumpa kiti cha ualimu.

Pigo lingine lilitoka ndani ya ukoo wenyewe. Edwin Sutherland, aliyepata shahada yake Chicago, alikubali kwamba uhalifu hufunzwa: mtu huupokea kutoka kwa walio karibu naye, mbinu zake na visingizio vyake, kama mwanagenzi anavyopokea useremala. Lakini kama hufunzwa, aliuliza, kwa nini shule iwe uchochoroni tu? Mwaka 1939, mbele ya wanasosholojia wenzake mjini Philadelphia, alizungumzia uhalifu wa wenye tai. Mwaka 1949 akachapisha uchunguzi wa makampuni 70 makubwa ya Marekani ambayo kwa jumla yalikuwa yamepatikana na makosa mara 980, kuanzia matangazo ya uongo hadi kula njama za bei. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, majina ya makampuni yakaondolewa, na toleo lenye majina lilingoja hadi 1983. Mtoto wa Back of the Yards aliyeiba makaa ya mawe alikuwa nukta ramanini. Wakurugenzi hao hawakuchorewa ramani na mtu yeyote.

Robert Merton, mtoto wa wahamiaji Wayahudi wa Philadelphia, alikuwa ameongeza jambo moja mwaka 1938 ambalo linafaa hapa: jamii inayomwambia kila mtu atajirike, huku ikiwafungia wengi njia halali, imewatengenezea kishawishi kwa mkono wake.

Shaw hakusubiri mjadala uishe. Kuanzia mwaka 1932, huko Russell Square, mtaa wa Wapoland kando ya viwanda vya chuma vya South Chicago, alianzisha mradi ambao maofisa wengi wa ustawi waliuona wazimu. Badala ya kuleta wataalamu kutoka mjini, aliwaajiri watu wa mtaa, wengine wakiwa wamewahi kufungwa. Alianza kwa kumbembeleza padri wa parokia ya Mtakatifu Mikaeli. Waliunda klabu za wavulana, wakawapeleka kambini mashambani, wakafuatilia kesi mahakamani, na vijana wa mradi walikaa kwenye kona za barabara wakizungumza na magenge palepale walipo. Kijana aliyetoka gerezani alipokewa na watu waliomjua mama yake.

Mmoja wa waliotumwa na Shaw alikuwa Saul Alinsky, aliyekwenda Back of the Yards mwaka 1938 kuchunguza uhalifu wa vijana. Alipofika aliona kwamba shida ilikuwa mishahara, chakula cha watoto na viongozi wa jiji wasiosikia, na mwaka 1939, pamoja na Joseph Meegan, aliunganisha parokia zilizokuwa hazisemezani na chama cha wafanyakazi wa machinjio katika baraza moja. Shaw aliona amekwenda mbali mno, wakaachana. Lakini kazi ya kuwapanga wakazi, kama Alinsky alivyoifanya, ilienea nchini, na mwaka 1985 ilimpokea kijana aliyekuja kuifanya upande wa kusini wa Chicago, katika mitaa iliyoathiriwa na kufungwa kwa viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa Mkenya wa Nyang'oma Kogelo. Jina lake Barack Obama.

Wakati Shaw na McKay wakichora nukta zao, Afrika Mashariki ilikuwa na nadharia nyingine, na haikuwekwa kwenye kitabu. Iliitwa msako. Katika Dar es Salaam ya Waingereza, kijana asiye na kazi aliitwa mhuni, neno ambalo kamusi za zamani hulipa maana ya mtu anayetangatanga, asiye na kwao, hata asiye na mke. Mhuni hakuhitaji kuiba. Kukosa makao na mwajiri kulitosha kumkamata na kumrudisha wilayani kwao. Alirudi tena mjini, maana njaa ya kijijini haikuwa imehamishwa pamoja naye. Uhuru haukuufuta mtindo huo: mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria ya nguvukazi, na waliokamatwa Dar es Salaam bila kitambulisho cha kazi walipelekwa vijijini. Katika misako yote hiyo hakuna aliyeuliza swali la mhunzi wa Indiana, bolti hizi ulizitaka za nini.

Mmoja aliyeuliza alikwenda Kampala. Marshall Clinard, aliyewahi kusoma Chicago, akiwa na Daniel Abbott, alilinganisha mitaa miwili ya mabanda mwishoni mwa miaka ya 1960: Kisenyi, uliokuwa na wizi mwingi, na Namuwongo, uliokuwa na wizi mchache. Umaskini haukuwa umetofautiana kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichotofautiana, kama walivyoripoti mwaka 1973, ni kwamba watu wa Namuwongo walitembeleana zaidi, walihama kwa nadra zaidi, walishiriki zaidi katika vikundi vya mtaa, na ndoa zao zilidumu zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kuishi katika mtaa wenye mjumbe anayejua kila nyumba anakula nini hatashangaa. Kilicho kipya ni kwamba mtu aliyapima mambo hayo, Kampala, na majibu yakafanana na ya Chicago.

Chicago yenyewe iliendelea kupimwa. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walitangaza matokeo ya kuwahoji wakazi 8,782 katika mitaa 343 ya jiji hilo. Waliuliza mambo kama haya: ukiwaona watoto wametoroka shule na kusimama kona, jirani atafanya nini? Palipokuwa na majirani wanaoaminiana na walio tayari kuingilia kati, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya kuzingatia umaskini wa mtaa.

Shaw alifariki mwaka 1957. McKay alibaki na daftari. Alikuwa mzee, ameshapita miaka 60, mitaa ya kusini sasa ilikuwa ya Weusi kwa sehemu kubwa, na maelezo ya damu yalikuwa yamerudi magazetini kwa majina mapya. Alifanya alichofanya maisha yake yote, akachukua majalada ya mahakama na kuanza kuhesabu upya. Katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la 1969 la kitabu chao, aliripoti kwamba miongoni mwa mitaa ambako viwango vilikuwa vimeshuka zaidi kulikuwa na mitaa ya Weusi ile ya zamani zaidi, iliyokaliwa na familia zilezile kwa miongo kadhaa, zikapata muda wa kujuana. Viwango vilipanda zaidi kule ambako wakazi walikuwa ndiyo kwanza wanafungua mizigo.